Wikiendi ya Asali Sikonge

Wageni wengi wanaoshuka Tabora hupelekwa Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, kisha huzunguka sokoni, na kufika Jumapili wanauliza kama kuna kingine cha kuona. Kwihara paoneni, ni historia yetu. Lakini mkiwa na siku mbili za mapumziko, pandeni gari la kwenda Sikonge. Ni mji mdogo kusini mwa Tabora, kwenye barabara ya Mpanda, na porini kwake ndiko inakotoka asali ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la mkoa tu: asali ya Tabora.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni msimu. Nendeni Juni au Julai. Mvua zimekatika, nyuki wamemaliza kazi kwenye maua ya miombo, na warina wanaingia porini. Mkienda mwezi wa pili mtakuta matope na mizinga ambayo hakuna mtu atakayewafungulia. Kuna mavuno mengine madogo mwishoni mwa mwaka, ila ya katikati ya mwaka ndiyo yenyewe.

La pili, tafuteni mwenyeji kabla ya kuondoka mjini. Msitu wa hifadhi hauingiwi kiholela, na mrina hamchukui mtu asiyemjua. Ukitambulishwa, mambo ni mepesi: unasalimia vizuri, unakaa, unasubiri. Mzee niliyemfuata mimi aliitika "Marahaba, mjukuu wangu," halafu akanitazama nguo. Nilivaa shati jeupe, akaridhika. Nguo nyeusi huwachokoza nyuki, na nyeusi na bluu huwavuta mbung'o, ambao kule wapo wengi na wanauma hasa. Manukato acheni nyumbani.

Kurina kwenyewe hufanyika jioni giza likianza kuingia, nyuki wakiwa wametulia. Mizinga inatundikwa juu ya miti, kwa sababu nyegere naye anaipenda asali. Mzee alipanda, akapuliza moshi kidogo kidogo. Moshi ukizidi, alisema, asali yote itanuka moshi. Akatoa sega la kwanza, akaligeuza kwenye mwanga wa tochi. Vijumba vingi vilikuwa wazi, asali inang'aa ndani. "Hili bado," akalirudisha. La pili lilikuwa limefunikwa kwa nta nyeupe kutoka juu hadi chini, na hilo ndilo lililoingia kwenye ndoo. Nyuki wenyewe ndio wanaofunika asali ikishapungua maji. Ile ya wazi bado ina maji mengi, ukiivuna itachacha kabla hujaimaliza. Tangu siku hiyo, kila ninaponunua asali, swali langu la kwanza kwa muuzaji ni kama masega yalikuwa yamefunikwa. Anayeijua kazi anajibu papo hapo.

Asubuhi yake ndiyo ya kuonja, na hapa msiwe na haraka. Ombeni asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo wasiouma, mzilambe moja baada ya nyingine. Ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu, na bei yake iko juu kwa sababu hupatikana kidogo. Kula na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, na chai isiyo na sukari. Mimi sijapata kifungua kinywa kizuri kuliko hicho hotelini popote. Kama mnakunywa pombe, ulizeni wanzuki, pombe ya asali. Inateleza kwa utamu na inapanda kichwani taratibu, kwa hiyo dereva asiiguse.

Kuhusu kununua, nunueni kwa mrina mwenyewe au kwenye kikundi cha wafugaji, na msikazane kupunguza bei. Anayelala porini kwa ajili ya ndoo ile anastahili kulipwa. Yale majaribio ya kiberiti na ya kudondosha asali kwenye maji hayathibitishi kitu. Na asali ikiganda nyumbani msikimbilie kusema imechanganywa na sukari. Kuganda ni tabia yake, iwekeni chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. Msiichemshe, inapoteza harufu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe kabisa, hata kama bibi yake anasema ni dawa ya kikohozi.

Kwenye basi la kurudi, funika ndoo kwa nailoni kabla ya kukaza kifuniko, na uishike miguuni mwako badala ya kuipakia kwenye buti. Joto la huko chini na mizigo ya watu vinatosha kuimwaga nusu yake kabla hujafika stendi ya Tabora.