Molekuli Moja Kuwa Sumaku: Mbona Wingi wa Spini Hautoshi?

Swali: Mhariri, nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita hapa Tukuyu. Mwanafunzi aliniuliza kama ni kweli kwamba molekuli moja peke yake inaweza kuwa sumaku, nikamjibu kuwa ni kweli. Kesho yake akarudi: ikiwa usumaku hutokana na elektroni zisizo na jozi, mbona wanakemia hawarundiki tu ioni nyingi za metali ndani ya molekuli moja? Hapo nilikwama.

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe, kwa sababu hilo ndilo wazo ambalo wanakemia walilifuata kwa miaka mingi kabla ya kuona linapopungukiwa.

Molekuli iliyofungua njia ina ioni 12 za manganizi zilizounganishwa kwa oksijeni na kuzungukwa na asetati. Ilitengenezwa mwaka 1980, lakini ni mwaka 1993 ndipo Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao walipoonyesha kwamba kila molekuli hushika usumaku wake yenyewe bila kutegemea jirani. Hesabu yake inatosha ubaoni. Kila elektroni isiyo na jozi ni kama sumaku ndogo, na nguvu yake huhesabiwa kwa spini ya 1/2. Ioni nane za nje zina elektroni nne zisizo na jozi kila moja, yaani spini ya 2, jumla 16. Ioni nne za ndani zina elektroni tatu kila moja, yaani spini ya 3/2, jumla 6. Makundi haya mawili huelekeana kinyume kama timu zinazovuta kamba, hivyo inayobaki ni spini ya 10.

Ili molekuli ipoteze usumaku wake, spini hiyo haina budi kupanda kizingiti cha nishati na kuteremkia upande wa pili. Urefu wa kizingiti hupatikana kwa kuzidisha kipeo cha pili cha spini kwa anisotropia, yaani kiasi ambacho molekuli hupendelea mhimili mmoja kuliko mingine. Kwa kuwa spini ndiyo yenye kipeo cha pili, wengi walikimbilia kuikuza. Mwaka 2006 kundi la Annie Powell kule Ujerumani lilitangaza kishada, yaani molekuli yenye ioni nyingi zilizofungamana, cha ioni 19 za manganizi zote zikielekea upande mmoja, chenye spini ya 83/2, zaidi ya mara nne ya ile ya kwanza. Kizingiti chake kikawa kifupi mno. Umbo lake lina ulinganifu mkubwa, na mihimili ya ioni zake imetazama huku na huku hata ikakaribia kufutana.

Mihimili hiyo ndiyo kiini cha jibu. Ioni ya manganizi yenye chaji +3 mara nyingi hukaa katikati ya atomi sita, na mbili kati yake, ya juu na ya chini, huwa mbali kidogo kuliko nne za pembeni. Kurefuka huko ndiko kunakoipa ioni mhimili. Katika ile molekuli ya ioni 12, mihimili ya zile ioni nane za nje inakaribia kuwa sambamba. Mbunifu basi ana kazi mbili kwa wakati mmoja, nazo aghalabu hupingana: kujumlisha spini, na kupanga mihimili. Mfano ninaoupenda ni wa Euan Brechin na wenzake wa Edinburgh, mwaka 2007. Walichukua kishada cha ioni sita za manganizi, wakabadilisha molekuli za kikaboni zinazozishika kwa nyingine zenye mwili mkubwa zaidi, na madaraja ya naitrojeni na oksijeni yaliyo kati ya ioni yakajipinda. Bila kuongeza hata ioni moja, spini ilipanda kutoka 4 hadi 12, na kizingiti kikafika takriban kelvini 86 (kelvini ni kipimo cha halijoto, ila hapa hutumika kupimia nishati).

Hata kizingiti kirefu kina upenyo. Garimoshi la TAZARA likipanda kutoka Mlimba kwenda Makambako halivuki kila mlima kwa juu. Pengine hupita handakini. Spini nayo hupenya kizingiti bila kukipanda, jambo lililoonekana waziwazi katika ile molekuli ya ioni 12 mwaka 1996, na umbo la molekuli likipotoka kidogo kwenye mhimili wake, upenyo huzidi.

Ndiyo maana wengi siku hizi wameacha vishada vikubwa wakahamia kwenye ioni moja ya metali iitwayo disprosiamu iliyobanwa juu na chini kwa pete mbili za kaboni. Mwaka 2018 molekuli ya aina hiyo ilidumu kuwa sumaku hadi kelvini 80, juu kidogo ya kelvini 77 ambapo naitrojeni huchemka.

Mwambie pia mwanafunzi wako kwamba ile pamanganeti ya potasiamu ya zambarau iliyo kwenye rafu ya maabara yenu ni mojawapo ya malighafi za molekuli ya ioni 12. Nyingine ni asetati ya manganizi na asidi ya asetiki. Fuwele zake ni nyeusi. Kinachokosekana Tukuyu ni heliamu kimiminika ya kuipoozea, kwa maana molekuli hiyo hushika usumaku wake chini ya kelvini 4 hivi.