Kibali Changu Sawa, Chako Sawa, Tukikutana Tunalipuka

Tangu lianze kutajwa lile bomba la mafuta la kilomita 1,443 la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, nikikaa ufukweni Raskazone jioni sikosi kijana wa kuniuliza: "Mjomba, kazi za baharini zikoje?" Chongoleani hakuna kisima, kuna matangi na gati, lakini ninayowaambia yatawafaa hata hapo. Wengi wanaogopa kazi ngumu. Mimi nilizoea kuogopa kazi mbili rahisi zinazofanyika kwa wakati mmoja.

Jukwaa moja la visima baharini nililofanyia kazi (kampuni siitaji), asubuhi moja tulikuwa na vibali viwili vya kazi, vyote vimesainiwa. Kreni inapandisha mabomba kutoka melini, na mwendeshaji wake hawezi bila redio kwa kuwa mzigo ukiwa chini haoni. Hatua kama 30 kutoka hapo, jamaa wa waya, wanaoshusha vifaa kisimani kwa waya, wanaandaa baruti ya kutobolea kisima. Kiwashio chake ni cha umeme, na mawimbi ya redio yanaweza kukifyatua. Ndiyo maana redio huzimwa zote mpaka baruti izame chini kabisa, kupita sakafu ya bahari. Mimi nimeshika kamba ya kuongozea mzigo. Likatoka tangazo la kuzima redio. Natazama juu, wa kreni bado anaongea. Nikanyoosha mikono yote miwili, ishara ya simama. Bahati yetu kiwashio kilikuwa hakijaungwa.

Kesho yake vibali vyote vikahamia kwenye ubao mmoja, wenye ramani ya jukwaa na saa pembeni, chini ya mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukataa. Kreni ikamaliza kwanza, baruti ikafuata, na redio zikiwa kimya wengine tukapaka rangi na kuhesabu pingu za kunyanyulia. Hakuna aliyekaa bure.

Mabosi hulalamika kwamba usalama unachelewesha. Chukua mzigo mzito unaopita juu ya kisima kinachotoa gesi: lazima kifungwe kwanza. Ukinyanyua kila ukikumbuka, utakifunga mara nne kwa siku. Kusanya mizigo yote kwa wakati mmoja, unakifunga mara moja tu.

Halafu kuna kupokezana zamu. Jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988: pampu moja ilikuwa imetolewa valvu ya usalama kwa matengenezo. Kibali kiliandikwa, ila waliokuwa kazini usiku hawakujua kwamba valvu haipo. Pampu ya pili ilipogoma, wakaiwasha ile isiyo na valvu, gesi ikavuja na kulipuka. Walikufa watu 167, na majukwaa jirani yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea kwenye moto.

Kwa hiyo mimi karatasi sikuiacha mezani. Mwenzangu wa usiku nilikuwa nampeleka mpaka kwenye valvu yenyewe, namgusisha kufuli lenye kadi yangu, ndipo nakwenda kuoga. Alinichoka kweli. Wiki ya pili akawa ananisubiri pale pale kwenye valvu, kikombe cha chai mkononi.