Kwani walikuwa hawafikiri?

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza: John Eliot, yule mhubiri Mwingereza, alipowaandikia wenyeji wa Massachusetts, Marekani, kitabu cha mantiki mwaka 1672, kwani kabla ya hapo walikuwa hawafikiri? Nilikukatiza, nilikuwa na maharage jikoni. Sasa nimekaa.

Walikuwa wakifikiri, tena sana. Oktoba 1646 Eliot alihubiri nyumbani kwa Waban, mmoja wa wenyeji hao, katika kijiji cha Nonantum. Alipomaliza wakamgeukia kwa maswali, na mikutano iliyofuata wakaendelea. Je, Mungu anaelewa mtu akisali kwa lugha yetu? Mbona maji ya bahari yana chumvi na ya nchi kavu hayana? Mwingine akauliza kama Waingereza nao waliwahi kuwa wajinga wa mambo ya Mungu kama wao. Hilo lingemtoa jasho mwalimu yeyote, na mimi nimefundisha miaka mingi.

Kile kijitabu kilikuwa cha kazi maalumu: kumfundisha msomaji kuchambua Biblia, ambayo Eliot alikwisha kuichapa nzima kwa Kimassachusett mwaka 1663. Aliamini lugha yao inaweza kubeba hoja nzito, na kwa hilo nampa heshima yake. Ila jina la kitabu linasema ni cha kuwaanzisha wenyeji katika kanuni ya akili, utadhani akili ilishuka na meli.

Mimi napenda zaidi sarufi yake ya 1666. Anaeleza kwamba nomino zao zina ngeli mbili, ya vyenye uhai na ya visivyo na uhai. Mtu ni wosketomp, watu wosketompaog. Jiwe ni hussun, mawe hussunash. Haya, nyota? Anogqs, na zikiwa nyingi anogqsog. Nyota wamo ngeli moja na watu! Hata farasi wa Waingereza waliingizwa humo wakaitwa horsesog. Mtu anayepanga dunia hivyo kila anapofungua kinywa, wewe unamwanzisha nini?

Tena Eliot hakuwa peke yake. Job Nesuton alimsaidia kutafsiri; Wowaus, ambaye Waingereza walimwita James Printer, alifanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa. Wao ndio hasa waliojua neno lipi linasimama na lipi linaanguka.

Mwaka 1675 vita vikazuka kati ya Waingereza na wenyeji. Nesuton aliuawa akiwa upande wa Waingereza. Waumini wa Natick, kijiji cha wenyeji waliofuata dini ya Eliot, walihamishiwa Deer Island, kisiwa cha bandari ya Boston, na kuachwa huko kwenye baridi, wengi wakafa. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa wenyeji.

Mama yako