Re: Mkataba wa kazi unasema kodi (code, maandishi ya programu) zangu zote ni za kampuni, nichangie Apache?

Mkuu nimekusoma, umeajiriwa Nairobi, usiku unarekebisha bagi (makosa ya programu) za mradi wa Apache, shirika la programu huria ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzibadilisha, sasa wamekutumia fomu ya wachangiaji na mkataba wa kazi unasema chochote ukitengeneza ni mali ya kampuni. Usisaini kwanza! Ile fomu ina kipengele unachothibitisha kwamba kama mwajiri ana haki juu ya kazi zako, basi amekuruhusu au ameachia haki hizo, sasa ukisaini kimya kimya umeandika uongo.

Wengi hudhani leseni huria inamaliza kila kitu, wapi, leseni anatoa mwenye mali, kama programu ni ya bosi wewe huna cha kugawa. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwajiri ulichotengeneza ndani ya ajira yako, labda mkubaliane vingine.

Andikia bosi na HR imeili fupi, taja mradi na leseni yake, sema hutatumia kompyuta wala kodi za ofisi, omba wajibu kwa maandishi maana "poa endelea tu" ya kwenye korido haikusaidii bosi akihama. Omba mradi mmoja tu, ukiomba opensosi (programu huria) yote wataogopa (naelewa pia, wanasheria wao hawajui GitHub, ile tovuti ya kuweka kodi, ni nini).

Kukimbilia mradi mwingine kama Linux siyo dawa, kule hakuna fomu lakini ule mstari wa Signed-off-by unaoandika jina lako ukituma kodi, nao unathibitisha una haki ya kuitoa.

Kama mradi unafanana na biashara ya kampuni, au ulishatuma kodi tayari, muone wakili wa hakimiliki kabla ya hiyo imeili.