Kwa nini tambi za mchele hugandana

Ndugu, umeuliza kwa nini tambi bapa za mchele, zile za kupikia pad thai (tambi za kukaanga za Thailand), hugeuka bonge kila unapozichemsha kama spageti. Tatizo ni huko kuzichemsha. Unga wa mchele hauna gluteni, ile protini ya ngano inayonata, ya kuzishikilia, hivyo maji yanayotokota hulainisha upande wa nje na kuutoa wanga kabla kiini hakijaiva. Ziloweke katika maji ya kawaida kwa dakika 30 hadi 45, mpaka ziweze kuzungushwa kidoleni bila kukatika, ingawa zikitafunwa bado ni ngumu kidogo. Kisha zichuje vizuri na uzimalizie pamoja na mchuzi kwenye karai lenye moto mkali, sehemu ya mtu mmoja au wawili kwa mkupuo, kwa sababu karai likijaa moto hupungua nazo hushikamana tena. Dukani soma viambato, maana zile nyembamba zinazong'aa mara nyingi ni za wanga wa choroko (tamu sana kwenye supu, lakini si za pishi hili). Tambi kavu zihifadhi katika chombo kisichopitisha unyevu. Zile mbichi zinunue siku ya kupika, kwani friji huzifanya ngumu na za kukatikakatika, ingawa mvuke huzirudishia ulaini kiasi.