Nakohoa, sauti imekauka, ila kiungulia sina

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 46, niko Masasi. Toka kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho nakohoa kikohozi kikavu, asubuhi sauti inakwaruza mpaka kwaya nimeacha, alafu nahisi kuna kitu kimekwama kooni, nikimeza mate hakishuki ila ugali unapita vizuri tu. Makohozi nimepima TB hakuna, antibayotiki nimemaliza dozi mbili wapi. Sasa nesi mmoja kaniambia yaweza kuwa asidi ya tumbo, nimeshangaa maana kiungulia sina. Natumia pia dawa ya presha.

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Inawezekana kabisa. Pale njia ya chakula inapoingia tumboni kuna msuli unaojibana kama mdomo wa mfuko wa kamba, ukilegea tindikali inapanda. Wengi inawachoma kifuani, ndo hicho kiungulia, ila kuna watu inafika mpaka kooni na kifuani hawasikii kitu, na koo halina kinga kama tumbo, tindikali kidogo tu inatosha kuliunguza. Ndo unaamka sauti imekauka, mdomo mchungu, kutwa unajikohoza, na wenye pumu inawazidi.

Kupima TB kwanza umefanya vizuri mno, kikohozi kikifika wiki 2 hapo ndo pa kuanzia. Salfa nayo inawasha koo, lakini msimu ukiisha na kikohozi kikabaki tafuta sababu nyingine. Sasa naomba ukaangalie paketi ya dawa yako ya presha leo hii: jina likiishia na "pril", yani captopril, enalapril, lisinopril, hizo zenyewe huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu hata kama tindikali haipandi. Usiache dawa kwa uamuzi wako, nenda na paketi kwa daktari akubadilishie. Na hapohapo mwambie kuhusu sauti, maana sauti kukwaruza zaidi ya wiki 3 lazima koo liangaliwe kwa ndani, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Wakati unasubiri, kazi kubwa iko usiku. Huku kwetu chakula kinaiva saa tatu, mtu anakula anashiba anaenda moja kwa moja kulala, hapo tindikali inapanda yenyewe. Kula mapema, yapite masaa 3 ndo ulale. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kiinuke sentimita 15 hadi 20, kurundika mito hakusaidii maana inakukunja tumbo. Lalia ubavu wa kushoto. Kanga usiikaze kiunoni ukishakula. Samaki wa kukaanga, pilipili, kahawa, na uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wake ukifika, angalia kipi kinakuamsha na kikohozi ukipunguze, sio uache vyote kwa mkupuo. Diclofenac za mgongo baada ya shamba nazo zinaumiza tumbo.

Ukiandikiwa omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, meza nusu saa kabla ya chai, sio baada. Koo linachelewa kupona, usikate tamaa ndani ya siku tatu.

Ila chakula kikianza kukwama, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi ti, nenda hospitali haraka. Na maumivu ya kifua yanayoenda mkononi au kwenye taya huku unatoka jasho sio ya kutafuna vidonge vya magnesiamu vya kiungulia, huo unaweza kuwa moyo, uwahishwe saa hiyohiyo.

SWALI: Niko Lindi mjini. Nikiamka nacheua maji machungu, napiga mswaki fasta kuondoa ile ladha, sasa meno yanapata ganzi. Nakunywa maji ya vuguvugu na ndimu, niendelee?

JIBU: Ndimu acha kaka, unaongeza tindikali juu ya tindikali. Na mswaki usikimbilie, jino likishapata tindikali linakuwa laini na mswaki unalikwangua. Sukutua kwa maji ya kawaida, subiri nusu saa ndo upige mswaki na dawa yenye floraidi. Hayo ya kulala nayo yanakuhusu, yafuate yote, na meno uyapeleke yakaangaliwe.