Usiiwashe kabla ya kuitoa betri

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama uiwashe kompyuta ya Amiga 2000 uliyoachiwa na marehemu baba, ambayo imeota unga wa kijani kandokando ya betri, na kama utabadilishiwa betri hiyo kama ilivyokuwa kwa PowerBook 5300, kompyuta ya mkononi ya Apple. Usiiwashe kwanza.

Mwaka 1995 Apple iliziondoa betri za lithiamu za PowerBook hizo baada ya kutokea moto, ikaweka za nikeli. Yako ni ya nikeli na kadimiamu, volti 3.6, imelehemewa kwenye bodi, na tatizo lake kubwa ni kuvuja; tena Commodore, iliyoitengeneza Amiga, ilifilisika mwaka 1994, kwa hiyo hakuna wa kukubadilishia.

Mwombe fundi redio aikate miguu ya betri hiyo kwa koleo. Kilichovuja ni besi, si asidi kama wengi wanavyodhani, ndiyo maana siki nyeupe kidogo kwenye mswaki huituliza ilhali magadi soda hayasaidii. Kisha bodi isafishwe kwa spiriti na ikauke kabisa. Vaeni glavu na miwani.

Akikushauri kuweka betri ya kidonge ya CR2032, mkatalie isipokuwa azuie chaji kwa dayodi (kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kwa sababu saketi ile huchaji betri, na lithiamu ya aina hiyo ikichajiwa yaweza kupasuka. Mimi ningeiacha bila betri. Itapoteza saa tu. Ile ya zamani usiitupe kwenye takataka zinazochomwa, kwani kadimiamu ni sumu.